Kisogo cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ninamjua kwa kikohozi. Changanya vikohozi vya msiba mzima, mimi nitakitoa chake na kukuonyesha. Kofia yake ninaijua, na fimbo yake, na jinsi anavyoburuza mguu wa kushoto akishuka kutoka kwenye miparachichi. Uso wake nimeuona kwenye picha.

Kwetu Rungwe mke wa mtoto huitwa mkamwana, na mkamwana wa zamani hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akisikia anakuja, anazama mgombani, au anajibanza nyuma ya mlango, au akikosa pa kwenda anachuchumaa na kugeukia pembeni mpaka apite. Baba mkwe naye, kwa uungwana, hukohoa kutoka mbali ili kumpa nafasi. Bibi yangu wa Suma aliishi hivyo hadi mkwewe anazikwa, na hata msibani alijifunika khanga asimwangalie maiti.

Siku hizi wengi wameacha. Majirani zetu wa Kisondela wanakula ndizi meza moja na wakwe zao na hakuna aliyeota mkia. Lakini baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa, na ni mtu asiyebadilisha hata upande wa kulalia. Mchungaji alipomwambia kwamba Biblia haikatazi mtu kumwona mkamwana wake, alijibu kwamba Bwana Yesu hakuoza mtoto, kwa hiyo jambo hilo hakulitolea neno. Siku ya harusi yetu alikaa nyuma ya nguzo. Picha ya familia ina watu wote, hadi jirani aliyekuja kuazima sufuria, na yeye hayumo. Yake alipigwa peke yake baada ya mimi kupandishwa garini, na ndiyo hiyo ninayomjulia uso.

Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Wasichosema ni kwamba na mwenye kuishika hapumziki. Hata hivyo sikuwa na ugomvi na mila. Ugomvi wangu ulikuwa mwingine.

Mimi hupiga selo. Selo ni kaka mkubwa wa fidla: haikai begani, unaisimamisha sakafuni, unaishika kwa magoti na kuivuta kwa upinde, nayo inatoa sauti nzito ya mwanamume aliyeshiba. Nilijifunza Dar es Salaam, kwenye chuo cha vijana wa orkestra, na ndiyo kazi inayonilisha. Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake hakijawahi kukubali herufi r, alipoona kwa mara ya kwanza, kwenye simu, picha yangu nikipiga, aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, kisha akauliza, "Mwanangu, na hayo magoti?"

"Magoti yanashika ala, mama."

"Yanashika mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Akairudisha simu taratibu. "Baba yako tusimwonyeshe," alisema.

Baba mkwe hakuonyeshwa, lakini alielezwa. Na tangu aelezwe, kila alipoulizwa kanisani mkamwana wake anafanya kazi gani Dar es Salaam, alijibu neno moja: ofisini. Ofisini! Mimi ambaye sijawahi kukalia kiti chenye magurudumu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee mwenyewe alikuwa mpiga besi. Alipuliza lile tarumbeta kubwa la kuzungushia mwilini kwenye bendi ya kanisa tangu ujanani, kila alfajiri ya Pasaka makaburini, mpaka meno ya mbele yalipojiuzulu. Mtu aliyepuliza besi maisha yake yote anaona haya kusema mkamwana wake anapiga besi. Nilikasirika, sifichi. Nilitaka kitu kimoja tu: anisikie, hata mara moja, halafu akaseme "ofisini" kama ataweza.

Kwa hiyo chuo kilipotuambia sisi wanne, fidla mbili, viola na selo, tuchague mji wa nyanda za juu tukafanye onyesho, nilitaja Tukuyu, mji wa kanisa la baba mkwe, kabla mwingine hajafungua mdomo.

Mambo yalikwenda kama mswaki. Kanisa walitupa bure. Mzee wa zamu wiki hiyo, mwenye kupokea watu mlangoni, kukaa mbele na kufunga kwa sala, alikuwa baba mkwe. Nilishangilia peke yangu chumbani. Siku mbili baadaye, nikiwa napiga mswaki hasa, ndipo akili iliponirudia: ili anisikie, lazima awemo ndani. Na akiwemo ndani, mimi lazima niwe nje.

Mume wangu, aliyebaki Dar es Salaam kikazi, alicheka kwenye simu mpaka nikamkatia. Alipopiga tena alisema, "Mama atapanga."

Na mama akapanga. Tulipofika Tukuyu, mvua ikiwa imetutangulia kama kawaida yake, nilimkuta kanisani na akina mama wenzake wameshafunga kamba kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mimbari. Juu yake walikuwa wametundika vitenge viwili vilivyounganishwa kwa sindano. Mpango ulikuwa huu: katika kanisa lile wanaume hukaa upande wa kulia na wanawake upande wa kushoto. Mimi nitakaa nyuma ya pazia lililokingwa mshazari. Wanawake wataniona. Wenzangu wataniona. Wanaume hawataniona, na miongoni mwao, mbele kabisa, kwenye kiti cha mzee wa zamu, yumo yule ambaye hatakiwi kuniona.

"Wanaume wote wakose kwa sababu ya mmoja?" niliuliza.

"Watazowea," mama mkwe alisema. "Sisi tumezowea mangapi?"

Kiongozi wetu, kijana wa Temeke anayepiga fidla ya kwanza, alikuwa amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Nilimweleza habari ya mkamwana tangu mwanzo. Alisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Sister, hii noma. Sasa nyusi zangu utazionaje?"

Swali lilikuwa la msingi. Muziki wa watu wanne hauna mtu wa mbele wa kuwapungia mkono. Tunaanza kwa pumzi, tunageuka kwa macho, tunamaliza kwa nyusi za kiongozi. Tulisogeza viti, tukasogeza mimbari kidogo kwa ruhusa, mpaka nikaona nyusi zote mbili na yeye akaona kiwiko changu. Kamba ilikuwa imelegea, akajitolea kuikaza yeye mwenyewe. Hapo ndipo nilipotakiwa kuangalia anafunga fundo gani.

Watu walikuja wengi. Waliokuja kwa ajili ya muziki, waliokuja kwa ajili ya kukinga mvua, na waliokuja kwa sababu walisikia mkamwana wa fulani atapiga kitu kikubwa nyuma ya kitenge. Wanaume walipokaa na kuona fungu lao ni nguo, wakaanza kunung'unika. Mmoja alisema kwa sauti, "Yaani sisi tumeletewa duka la vitenge?" Vijana watatu wakahama wakaenda kukaa na wanawake, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika kanisa lile hata siku bati la upande wa wanaume lilipovuja.

Kisha mlangoni kikapigwa kikohozi. Nilikuwa tayari nyuma ya pazia, nimevaa sketi pana aliyonishonea mama mkwe, ambayo ingetosha kufunika magoti ya kwaya nzima. Lakini kikohozi ni kikohozi. Nikachuchumaa na selo yangu. Nikasikia fimbo, mguu unaoburuzwa, kiti kikilia. Alikuwa amekaa, hatua chache kutoka kwangu, na kati yetu kulikuwa na maua ya kitenge tu.

Kiongozi wetu alieleza utaratibu. Alisema muziki tutakaopiga una sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu watu wasipige makofi, wala vigelegele, wala wasije mbele kucheza. Wasubiri mpaka tusimame. Kanisa zima lilimwangalia kwa huruma, kama mtu anayealika watu karamuni na kuwakataza kutafuna.

Tukaanza. Sehemu ya kwanza ilienda vizuri, na nasema hivyo nikiwa mtu mgumu kusifu. Ya pili ilikuwa ya mbio. Mkono wangu wa kulia, ule unaovuta upinde, ulikuwa upande wa pazia, na katika mazoezi nilikuwa nimevuta kwa adabu. Siku ile, nikijua ni nani anayesikiliza, adabu ilinitoka. Nilivuta upinde mrefu wa kuonyesha mtu kwamba hapa si ofisini. Ncha ikanasa kwenye pindo. Nikavuta tena kuinasua. Fundo la kijana wa Temeke likafunguka bila hata kujitetea, na vitenge vyote viwili vikashuka.

Vingeniangukia mimi, ingekuwa nafuu. Vilianguka juu ya selo. Selo ikasitirika kuanzia shingo hadi kiuno kama bibi harusi, na mimi nikabaki wazi, magoti ndani ya sketi na yote, mbele ya kanisa.

Wenzangu waliendelea kidogo, mmoja akaacha, mwingine akaacha, na fidla ya kwanza ikabaki inakwenda peke yake kabla ya kugundua haina watu. Mimi nilishajikunja nyuma ya selo. Bibi yangu wa Suma angejivunia wepesi wangu. Akina mama watatu walisimama na khanga zao mikononi, tayari kuja kunizingira. Kwa ukingo wa jicho niliona kitu kimoja upande wa wanaume: kofia, imefunika uso wa mtu. Mzee alikuwa ameiinua haraka na kujiziba nayo, akaishika hapo kwa mikono miwili kama mtu anayekunywa uji.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mchungaji aliangalia dari. Nami nilijua kilichobaki: mzee atainuka, atatoka, na kesho nitakuwa ofisini kwa maisha yangu yote. Machozi yalinijia palepale nilipochuchumaa.

Akakohoa.

Kanisa zima likasikia akiinuka. Sakafu ile ni ya saruji, na kiti cha mzee wa zamu ni cha mninga, kizito. Nikasikia kikiburuzwa, krrr, kikisimama, kikiburuzwa tena. Nikachungulia kwenye shingo ya selo. Mzee, kofia usoni, alikuwa anakigeuza kiti kwa mkono mmoja. Akakigeuza mpaka mgongo wa kiti ukatuelekea sisi. Akakaa, akawaelekea watu, akashusha kofia na kuiweka juu ya goti.

"Endeleeni," alisema, bila kugeuka. "Mimi sikuja kuangalia. Nimekuja kusikia."

Kumpa mtu kisogo, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kumdharau. Mimi nilipewa kisogo mbele ya watu wote na sijawahi kupewa kitu kizuri kama kile. Kilikuwa na mvi fupi zilizochongwa asubuhi ile, na mikunjo miwili juu ya kola iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. Masikio yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye picha. Nilikitazama vizuri, kwa raha zangu, maana kisogo hakikatazwi na mila yoyote.

Wanaume walifurahi, maana sasa waliona. Lakini furaha yao ilikuwa fupi, kwa sababu mzee naye sasa aliwaona wao. Mzee wa kanisa ameketi mbele yao, anawaangalia kwa zamu, nani atathubutu kujikuna? Watoto waliokuwa wanakimbizana waliganda. Mtu mmoja aliyekuwa anachati simu aliimeza mfukoni. Na kwa kuwa hakuna aliyeelewa ni lini mambo yanakwisha, watu waliacha kabisa kutuangalia sisi na kuanza kuuangalia uso wa baba mkwe. Alipotikisa kichwa, walisema "amina". Baada ya ile sehemu ya mbio alishusha pumzi, na kanisa zima likashusha pumzi. Kiongozi wetu aliwaza, aliniambia baadaye, kwamba hajawahi kupata wasikilizaji wastaarabu namna ile hata Dar es Salaam.

Sehemu ya tatu ni ya polepole, na selo ndiyo inayobeba. Nilikuwa nimepiga mistari kadhaa niliposikia mlio ambao haumo kwenye karatasi. Ko. Ko. Ko. Ilikuwa fimbo. Mzee alikuwa anaipigisha sakafuni kufuata besi yangu. Nilifurahi kama mjinga, kwa muda mfupi, mpaka nilipogundua kwamba haifuati. Ilikuwa inaniongoza. Besi yake yeye ilikuwa ya kutembea makaburini alfajiri, na miguu baridi, na matope, na bibi vizee ambao lazima wasiachwe nyuma. Ilikuwa nzito kuliko yetu, na ilizidi kuwa nzito.

Kiongozi wetu akapandisha nyusi: tusonge. Fimbo ikasema: polepole. Nyusi zikapanda tena, zikafika karibu na nywele. Nilikuwa na mabosi wawili, mmoja ninamwona uso na mwingine ninamwona kisogo. Nikachagua kisogo. Unisamehe, ndugu yangu wa Temeke, lakini yule mzee na mimi hatukuwahi kufanya jambo lolote pamoja. Hatukuwahi kula pamoja, wala kupanda ngazi moja, wala kumzika mtu tukiwa upande mmoja wa kaburi. Na sasa tulikuwa tunapiga besi pamoja. Nilipunguza mwendo, na selo ikipunguza, wengine hawana ujanja. Tukatembea wote wanne nyuma ya fimbo ile, taratibu, hadi mwisho wa ukurasa. Nililia kidogo, huku navuta upinde.

Sehemu ya nne nayo ilikuwa imeandikwa ikimbie. Ilitembea.

Tuliposimama, watu hawakutuona tumesimama. Walikuwa bado wanamwangalia yeye. Mzee akagonga fimbo mara moja, ko, na hapo kanisa likapasuka: makofi, vigelegele, benchi zima la akina mama likaja mbele linacheza, kila kilichokatazwa kikatendeka kwa pamoja. Mama mkwe alicheza amejifunga vile vitenge viwili vikiwa bado vimeshonana.

Kisha mzee akafunga kwa sala, palepale alipo, ametuelekezea mgongo. Aliombea mvua, barabara, wagonjwa, na vijana hawa waliotoka mbali. "Na huyu aliye nyuma yangu," aliongeza, kisha akasema amina. Akavaa kofia, akaondoka moja kwa moja kwa njia ya katikati bila kugeuza shingo, fimbo na mguu unaoburuzwa, mpaka mvuani.

Sasa kila mtu Tukuyu aliuona uso wa baba mkwe nilipokuwa napiga, isipokuwa mimi. Nilianza kuulizia pale pale mlangoni. Mwimbaji mmoja wa kwaya alisema mzee alitabasamu mwanzo hadi mwisho. Yule aliyelalamikia duka la vitenge aliapa kwamba mzee alikuwa analia. Mchungaji, ambaye kwa kazi yake anajua nyuso za wasikilizaji, alisema kwa maoni yake mzee alisinzia sehemu ya tatu, na fimbo ilikuwa inapiga yenyewe kwa mazoea. Mwuza maziwa mmoja alisema hakuona uso, aliogopa kuangalia, lakini alimsikia nje chini ya mwavuli akiulizwa na mtu, na akajibu: "Ni mkamwana wangu. Anapiga besi. Kwetu tunapiga besi." Nilimwomba arudie. Alirudia. Nilimwomba tena, akasema maziwa yatachacha.

Jioni nilikuwa Kisondela, jikoni kwa mama mkwe, namenya ndizi. Nilimwuliza kama ninavyouliza bei ya chumvi, nikiwa nimeinama.

"Mama, hivi uso wa baba ulikuwaje? Nilipokuwa napiga."

Mama mkwe aliweka kisu chini, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Nyie watu mtaniua," alisema. "Na yeye ameniuliza hivyo hivyo, hapo nje, kabla hata ya kuvua viatu. 'Uso wake ulikuwaje?'"

Ndizi ilinitoka mkononi. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia alikunja sula kama mtu anayemenya kitunguu."

"Mama!"

"Si ndivyo? Akasema, basi anapiga vizuri. Akasema hata yeye alikuwa hivyo."

Nje, kwenye miparachichi, kikohozi kikapigwa. Nikainuka, nikaenda nyuma ya mlango, mahali pangu, pale ambapo ukuta umekuwa laini kwa mabega ya wakamwana waliotangulia. Mguu uliburuzwa ukapita karibu na dirisha, ukasimama. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo, na sidhani kama bibi yangu wa Suma angeniruhusu, lakini nilikohoa.

Mguu haukuondoka. Kisha, upande wa pili wa ukuta, akanijibu.